Pumzi ya Seleman

Dodoma ya siku zile ilikuwa ndogo: mtu akipiga chafya kituo cha reli, sokoni wanamwambia afya. Basi hakuna aliyehitaji kupigiwa mbiu. Kufikia magharibi kila mwenye miguu alikuwa amejua kwamba Waridi binti Feruzi ametoka eda, kwamba jioni hiyo ataingia kwenye banda la chama cha Pumzi Moja, na kwamba kodiani ya marehemu mumewe ndiyo itakayosema kama anaolewa na amtakaye au anachukuliwa na shemeji yake.

Ndiyo, kodiani. Chama kile cha wapiga kodiani kilikuwa na mila yake, ambayo masheikh waliikunjia uso na wapagazi wa zamani waliiapia. Mwanachama akiwa katika sakarati, wenzake huivuta kodiani yake mpaka mikunjo ikafunguka yote, wakaisogeza karibu na mdomo wake, kisha wakaifunga kwa kaniki ikiwa imejaa vilevile. Walisema pumzi yake ya mwisho imo mle ndani. Mjane akimaliza eda, kodiani inakalishwa kwenye kiti cha marehemu mbele ya watu wote. Wanachama hupiga mmoja mmoja kumuaga mwenzao, na mwisho mjane hufungua kaniki, akaibana. Ikitoka sauti nzito, ile ya mkono wa kushoto, marehemu ameridhia, mjane aende anakotaka. Ikitoka sauti nyembamba, ya mkono wa kulia, marehemu hajaridhia, na mjane atabaki kwa watu wa mumewe.

Watu wa Seleman walikuwa mtu mmoja tu, kaka yake Mohamedi, mchuuzi wa ngozi, mwenye wake wawili kule Kondoa. Punda wake walikuwa wamekwisha lishwa. Kesho alfajiri msafara ungeondoka, na mmoja kati ya punda wale hakuwa amepangiwa mzigo.

"Usitembee kama unafuata jeneza," Bi Mwantum alimnong'oneza Waridi walipofika mlangoni. Bi Mwantum alikuwa somo yake tangu unyago, na mdomo wake haukujua kufunga. "Watu wamekuja kukuona. Waonyeshe."

"Somo, watu ni wengi mno."

"Nishike mkono. Na usimtazame Halfani upesi upesi. Mwanaume akitazamwa upesi anavimba kichwa, kofia haimtoshi wiki nzima."

Waridi alimtazama upesi. Angefanyaje? Halfani alikaa mstari wa mbele, kodiani magotini, kanzu nyeupe, kucha bado zina weusi wa mafuta ya karakana ya reli. Muda wote wa eda hakumsemesha hata neno moja, kama sheria inavyotaka. Alikuwa akipita tu nyuma ya ua wa Waridi kila jioni akitoka kazini, akipiga wimbo usio na maneno. Macho yao yalipokutana, Halfani hakutabasamu.

Banda lile zamani lilikuwa ghala la ngozi, na upepo wa kipupwe ulipopenya kwenye mabati, harufu ya zamani iliamka. Kandili zilitundikwa juu. Jiko la makaa liliwaka kando kwa ajili ya kahawa. Watu walijaa hadi madirishani: maseremala, wapishi wa Wadachi, wanawake wenye kaniki mpya, vijana waliopanda juu ya magunia.

Na pale katikati, karibu na jiko, kilikuwako kiti cha Seleman.

Kodiani ilikaa juu yake, imefungwa, imejaa. Mbele yake walikuwa wamemmiminia marehemu kikombe cha kahawa. Hakuna aliyethubutu kupita kati ya kiti na kandili, kwa kuogopa kumkatia kivuli. Maana kivuli kilikuwapo. Kilianguka ukutani nyuma yake, kipana mabegani kama mtu aliyekaa kitako, ila kichwa hakina.

"Masalkheri, enyi wana wa Pumzi Moja!" Mzee Jaha alisimama. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa chama, na chamani walimwita Kaizari, kama mfalme wa Wadachi, wakimpigia saluti za utani. "Leo tunamtoa mwenzetu. Anayetaka kulia, alie kwa sauti ya kodiani. Anayetaka kulia kwa kamasi, akae nje."

Watu wakacheka. Wakamwita mwokamikate mmoja mnene, naye akapiga wimbo wa kuvusha ng'ombe mtoni, tumbo likisaidia kubana kodiani. "Hebu acha kuiponda, si unga!" mtu alipiga kelele. Kicheko kikawa kikubwa mpaka mabati yakatetemeka. Akafuata mtia makaa wa gari moshi, aliyejua kuifanya kodiani ipige honi kama gari linaloingia kituoni, na watoto waliokuwa nje wakatimua mbio kulipisha. Hata Waridi alicheka, mkono mdomoni.

Halafu Mzee Jaha akasema, "Halfani. Mwanafunzi wa Seleman."

Kicheko kikafa. Halfani alisimama, akaupitisha mkanda begani. Kila mtu pale alijua kwamba mikono ile ilifundishwa na marehemu, kidole kwa kidole, kwenye ukumbi wa nyumba ya Waridi. Akaanza polepole, akaimba kwa sauti ya chini:

*Gari limepiga yowe, abiria hashuki,*
*Nimesimama na taa, na mafuta hayatoshi.*
*Kama unanisikia, gusa tu dirisha,*
*Nijue ninayemngoja hajasafiri na wengine.*

Alipofika "gusa tu dirisha" aliinua macho, akamtazama Waridi mbele ya mji mzima. Alimtazama bila kupepesa, kama mtu aliyechoka kuficha. Waridi alihisi joto likimpanda shingoni. Vidole vyake, bila yeye kuviagiza, viligusa ubao wa benchi.

Ndipo kodiani ya kwenye kiti ilipolia.

Ilikuwa sauti moja, nyembamba, ndefu, kama ya mtoto anayeota ndoto mbaya. Ikanyooka, ikatetemeka, ikakatika. Hakuna aliyekuwa karibu nayo.

Halfani aliacha kupiga. Kikombe kilidondoka mahali fulani, kikavunjika. Bi Mwantum, mwanamke ambaye hajawahi kukosa neno, alikosa neno. Katika banda zima Waridi peke yake hakushtuka. Alifumba macho tu.

"Upepo," alisema Mzee Jaha, lakini alilisema kama swali. "Endelea, mwanangu."

Halfani akaendelea. Alifika tena kwenye mstari uleule, na ile ya kwenye kiti ikalia tena, safari hii kwa nguvu zaidi, juu ya sauti yake, kana kwamba inamnyamazisha. Waliokaa karibu walirudi nyuma, mabenchi yakaburuzika. Ikalia mara ya tatu Halfani akiwa ameshaacha kabisa, wakati banda lote limenyamaza na kule upande wa Mkonze fisi wanaitana.

Mohamedi aliinuka. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sura ya marehemu kiasi cha kutisha. Katika mwanga ule mbovu wa kandili mtu angeapa kwamba Seleman mwenyewe amesimama.

"Mmesikia," alisema. "Hata hajafunguliwa, amekataa. Mara tatu."

"Mila inasema mjane aibane," Mzee Jaha alijibu.

"Abane nini tena, Kaizari? Imeshasema! Sauti nyembamba, mkono wa kulia. Au masikio yenu yana nta?" Akamgeukia Waridi. "Shemeji, kafunge virago. Mimi si mtu mbaya. Utakula, utavaa. Lakini nyumba ya ndugu yangu haitaachiwa fundi wa grisi aliyekuja kujifunza kidole akaondoka na mkono."

"Mwanangu," Mzee Jaha alimwambia Waridi kwa upole, "sote tuliapa kuifuata. Wewe, shemeji yako, na huyu Halfani. Nitasemaje sasa?"

Waridi alimtazama Halfani. Uso wa kijana ulikuwa rangi ya majivu. Alikuwa anakitazama kiti, midomo ikicheza, na Waridi aliona wazi kwamba alikuwa anamwomba mwalimu wake msamaha. Hilo ndilo lililomchoma kuliko maneno ya Mohamedi. Kama Halfani angeondoka pale akiamini kwamba amefukuzwa na maiti, asingepita tena nyuma ya ua wowote duniani.

Akainuka. "Nitaibana," alisema.

"Waridi!" Bi Mwantum alimshika khanga. "Usiiguse, mama! Inaguna!"

"Niache, somo. Nimelala nayo chumba kimoja eda nzima."

Akapita mbele ya kandili, moja kwa moja juu ya kivuli, na watu wakavuta pumzi kwa pamoja. Akapiga magoti mbele ya kiti. Jiko lilikuwa karibu kiasi kwamba joto lilimgusa shavu. Akanyoosha mkono ili afungue kaniki, na mkono wake ukakuta kitu kigumu kama fimbo.

Alikipapasa. Akakivuta. Hakikutikisika. Kilikuwa kimezama ndani ya mikunjo, kimeibana kodiani mpaka imebaki bapa, haina tena unene aliouacha.

Mama yake Waridi alikuwa Mgogo, mpiga muheme, ngoma ya wanawake, wa Mkonze. Tangu utoto wake Waridi aliwaona wanawake wakikalisha ngoma zao kuzunguka moto kabla ya kucheza, na mambo ya ngozi na moto aliyajua kama anavyojua kusonga ugali.

"Kaniki yangu iko wapi?" aliuliza, bado amepiga magoti.

Mzee Jaha alinyoosha shingo kutazama.

"Wenzake waliifunga kwa kaniki yangu, mbele ya macho yangu. Leo alasiri amekuja kuichukua shemeji, kama mila inavyotaka, ndugu ndiye abebe. Sasa naona ukanda wa ngozi ya ng'ombe. Ngozi mbichi." Akageuka. "Enyi wapiga ngoma mliomo humu, ngozi mbichi ikiota moto hufanya nini?"

"Hujikaza!" sauti ya mwanamke ilijibu kutoka dirishani.

"Na nani aliyekiweka kiti karibu na jiko?"

Vichwa viligeuka kimoja kimoja, vikamwelekea Mohamedi. Mzee Jaha alisogea na kandili, akainama. Ukanda ulipita juu ya vifungo vya mkono wa kulia, na kimoja kilikuwa kimedidimizwa mpaka chini. Kadiri ukanda ulivyokauka ndivyo ulivyoibana kodiani, na hewa haikuwa na njia nyingine ila pale.

"Lo!" Bi Mwantum alipata sauti yake. "Mohamedi! Umemnyonga ndugu yako baada ya kufa!"

Banda likalipuka. Wengine walicheka kwa kupona woga, wengine walitukana, mwokamikate aliomba apewe ruhusa ya kumkalia Mohamedi kidogo tu. Mohamedi hakukana. Alisimama vilevile, mikono inaning'inia, na ghafla akaonekana mzee.

"Nilitaka aseme nilichojua angekisema," alisema. "Yule alikuwa ndugu yangu. Mimi ndiye niliyemnunulia kodiani ile kwa Mhindi. Leo namwona mwanafunzi wake anavaa viatu vyake, na nyinyi mnapiga makofi."

"Ungesema hivyo kwa mdomo wako, shemeji," Waridi alimjibu. "Ningekusikiliza."

Mohamedi alijifunga kilemba vizuri, akatoka, watu wakimpisha pande mbili. Hakuna aliyemzomea. Kulikuwa na kitu katika mgongo wake kilichofanana mno na marehemu.

Mzee Jaha aliukata ukanda kwa kisu. Kodiani haikutoa sauti yoyote. Ilikuwa tupu.

"Pumzi imetoka yote," alisema, akakuna ndevu. "Imetolewa kwa hila, lakini imetoka, na haiwezi kurudishwa. Mila yetu haina neno kwa jambo hili. Basi, Waridi, mimi Kaizari nasema: useme mwenyewe. Unakwenda wapi?"

Vigelegele vilianza hata kabla hajajibu. Bi Mwantum alikuwa ameshaanza kuchagua nani atapika pilau. Halfani alisimama, na damu ilikuwa imerudi usoni kwake, na macho yale yaliyomngoja Waridi muda wote yalikuwa wazi mbele yake. Ilibaki neno moja tu aseme.

Waridi hakulisema.

"Kuna jambo lazima Halfani alijue kwanza," alisema, na vigelegele vikanyauka. "Mohamedi ameifunga kwa ngozi leo. Lakini ile kodiani imekuwa ikilia tangu zamani."

"Waridi, mama, nyamaza," Bi Mwantum alisema kwa sauti ndogo.

"Nyumbani. Ikiwa na kaniki yangu, juu ya kasha, mbali na moto. Kila jioni, Halfani. Ulikuwa ukipita nyuma ya ua ukipiga ule wimbo wako usio na maneno, halafu ukifika kona ya msikiti ukaukatisha. Hukuwahi kuumaliza." Aliikaza khanga mabegani. "Kipande kilichobaki kilikuwa kinamaliziwa ndani."

Mtu mmoja alitoka nje. Kisha wawili. Wengine walitaka kutoka lakini miguu ilikataa, maana umbea nao una kamba zake.

Halfani alisogea mpaka akawa mbele yake, kodiani imening'inia kifuani.

"Kwa sauti nzito au nyembamba?" aliuliza.

"Sijui. Nilikuwa najifunika shuka, naziba masikio. Nilikuwa naisikia kwa meno."

Halfani alikitazama kiti. Upepo ulisukuma mabati, yakaguna.

"Unajua kwa nini nilikuwa naukatisha?" alisema mwishowe. "Seleman alinifundisha wimbo ule. Akaugua kabla hajanifikisha mwisho. Aliniambia, 'Kipande cha mwisho nitakupa nikiinuka.' Mimi sikijui, Waridi. Hakuna mtu hai anayekijua."

Waridi alihisi nywele zikimsimama chini ya khanga. Kwa sababu yeye alikuwa anakijua. Alikuwa anakijua mwanzo hadi mwisho, kila panda yake na kila shuka yake, kama mtu anavyojua ngazi za nyumba yake gizani.

"Alikuwa ananifundisha," Halfani alinong'ona, "au alikuwa ananifukuza?"

"Sijui. Na ukinioa huenda tusijue mpaka tunakufa. Ndiyo maana nimekwambia mbele ya watu. Ukitaka kuondoka, mlango ule. Sitakulaumu, Wallahi."

Halfani aligeuka, akautazama mlango. Waridi aliyasubiri maumivu. Lakini kijana alikuwa anatafuta benchi tu. Alilivuta, akaketi karibu na kiti cha marehemu, bega kwa bega nacho, mahali ambapo wote walikuwa wamepakimbia.

"Nimekaa miaka ukumbini kwake akinikemea," alisema. "Nimezoea kukaa naye chumba kimoja. Nitaleta wazee Ijumaa, kama bado unanitaka."

"Nakutaka," Waridi alisema. Neno lilitoka dogo, lakini mpaka dirishani walilisikia.

"Basi niimbie."

"Hapa?"

"Hapa. Nikicheleweshwa zaidi nitaogopa."

Halfani akapiga ule wimbo wake mpaka pale alipozoea kukatisha, akainua macho. Na Waridi, akiwa amesimama na mikono imekumbatia khanga yake, alikiimba kipande kilichobaki kwa pua, bila maneno. Hakikuwa cha furaha wala cha huzuni. Kilipinda mahali ambapo sikio halikutegemea, kikashuka ngazi, kikangoja, kikashuka tena. Vidole vya Halfani vilimfuata, kwanza kwa kupapasa, kisha vikamfikia, kisha wakawa wanakwenda pamoja. Bi Mwantum alikuwa analia kwa kamasi, na hakuna aliyemtoa nje. Mara mbili Waridi alihisi kwamba sauti zilikuwa tatu. Hakugeuka kutazama kiti.

Wimbo ulipokwisha, hakuna aliyepiga makofi. Watu walitoka polepole, wameshikana mikono, wakimwinamishia Waridi vichwa kama wanavyomwinamishia mfiwa na bibi harusi kwa wakati mmoja.

"Iache hapa," Mzee Jaha alishauri, akiionyesha kodiani kwa kidevu. "Tutaizika kando ya kaburi lake."

"Hapana, baba," Waridi alisema. "Ni ya nyumbani."

Akainama, akaikamata kwa upande wa juu, akainyanyua. Upande wa chini ulining'inia. Hakuna kidole kilichogusa kifungo, na ukanda haukuwapo tena, lakini mikunjo ilianza kufunguka yenyewe, mmoja baada ya mwingine, taratibu, bila sauti, ikivuta hewa kama mtu anayetaka kusema neno. Halfani aliona. Alisogea karibu, akaiwekea kiganja chini, akasaidia kubeba uzito.

Waridi aliinama mpaka midomo yake ikakaribia mbao.

"Utasema tukifika," akaiambia.